Kabla ya bajeti ya SUZA: maswali niliyorudi nayo kutoka kisiwa cha vyuo, Guangzhou

GUANGZHOU. Ndugu zangu wa Maskati, Dubai na Doha, najua wengi wenu mji huu mnaujua kuliko mimi. Mnaijua Xiaobei na mahoteli yake, mnaijua Pazhou kunakofanyika maonyesho ya Canton kila majira ya Aprili na ya Oktoba, na bei ya kontena mnaijua kwa moyo. Mimi safari hii nimemsindikiza mwanangu, anatafuta vigae. Siku ya tatu miguu ikagoma. Nikamwambia, wewe endelea na vigae vyako, mie naenda kutazama skuli za watu.

Si mbali. Kutoka Pazhou unapanda treni ya chini ya ardhi kituo kimoja, unabadilisha, vituo viwili tena, umeshafika kisiwani. Kinaitwa Xiaoguwei, wilaya ya Panyu, kiko katikati ya mikono ya Mto Lulu. Kina kama kilomita za mraba 18 tu. Unguja yetu ina zaidi ya 1,600. Na ndani ya kile kijisiwa wamevipanga vyuo vikuu 10, kimoja baada ya chengine, kama maduka ya Darajani: Sun Yat-sen, chuo cha teknolojia cha kusini, cha ualimu, cha lugha za kigeni, cha dawa za Kichina, cha muziki, cha sanaa na vyenginevyo. Ujenzi ulianza mwaka 2003, na Septemba 2004 wanafunzi wa mwanzo wakawa wanaingia na mabegi yao. Mwaka mmoja na nusu. Kwetu muda huo haumalizi ukuta wa skuli ya msingi.

Nilikwenda na jambo kichwani. Usiku wake nilikuwa nimepokea sauti ya dada yangu kutoka Unguja. Ada ya mtoto wake wa chuo, awamu ya pili, siku zimekwisha, "kaka'angu usitutupe". Sauti kama hizo nyinyi mnazipata pia. Hakuna nyumba ya Waswahili hapo Ghuba isiyokuwa na mpwa, mtoto wa ami au jirani anayesomeshwa nyumbani kwa pesa za ugenini. Tunatuma, tunaombewa dua, tunalala. Hatuulizi pesa imeingia wapi.

Na huu ndio wakati wa kuuliza. Mwezi Mei na Juni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar hukaa kikao cha bajeti, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali husimama na hotuba yake ndefu, na ndani yake mna kipande cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA: kimefanya nini mwaka unaokwisha, kinaomba ruzuku kiasi gani, kinakusudia nini. Magazeti hubeba jumla ya wizara, halafu kesho yake habari ni nyengine. Kile kipande cha SUZA hubaki kwa wachache.

Turudi nyuma kidogo. SUZA imezaliwa kwa Sheria Nambari 8 ya mwaka 1999, wakati wa Rais Salmin Amour, na ikaanza kufundisha mwaka 2001. Watu wa Ghuba mnapaswa kukumbuka kwamba serikali haikuwa ya kwanza. Mwaka 1998 vilikwishafunguliwa vyuo viwili binafsi: Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na chuo cha elimu cha Chukwani kilichojengwa na jumuiya ya Kikuwait ya Africa Muslims Agency, ambacho leo kina jina la marehemu Dk. Abdulrahman Al-Sumait. Kwa hiyo pesa ya Ghuba katika elimu ya juu ya Unguja ilitangulia kuliko pesa ya serikali. Hili huwa halisemwi sana, sijui kwa nini.

Tangu hapo SUZA imekua kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kawaida, kuanzisha masomo mapya. Ya pili ni kumeza. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ile TAKILUKI ya Vuga, iliingia. Chuo cha ualimu cha Nkrumah kikaingia. Baadaye wakaletwa wa afya wa Mbweni, wa fedha wa Chwaka, wa utalii wa Maruhubi, wa uandishi wa habari, na wa kilimo wa Kizimbani. Pemba iko kampasi ya Benjamin Mkapa. Ukitazama kwenye karatasi unasema mashaallah, chuo kimekuwa kikubwa. Lakini mwalimu mzee hutazama jambo jengine. Taasisi ukiimeza unaimeza na mishahara yake, madeni yake, mapaa yake na mabasi yake. Unakuwa na kampasi zilizotawanyika kuanzia Chwaka mpaka Beit el Ras, na bahari katikati kwenda Pemba. Kila moja inataka maktaba, maabara, intaneti, mlinzi na choo. Idadi ya wanafunzi ikipanda kwa kuunganisha, si lazima elimu iwe imepanda.

Sasa pesa. Chuo cha umma cha aina hii hula kwa mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni ruzuku ya serikali, na sehemu kubwa ya ruzuku popote pale huenda kwenye mishahara. Mkono wa pili ni ada. Hapa serikali haiwezi kumruhusu mkuu wa chuo apandishe atakavyo, maana wanaolipa ni watoto wa wavuvi na wa walimu. Wengi wao hutegemea Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria mwaka 2011, au ile ya Muungano. Maana yake ada nayo, kwa kiasi kikubwa, ni pesa ya serikali iliyopita mlango wa nyuma. Bodi ikichelewa, mwanafunzi anachelewa, na chuo kinachelewa. Anayeziba pengo hilo mara nyingi ni wewe uliyepo Maskati.

Mkono wa tatu ni miradi na wafadhili, na huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Denmark, kwa mfano, iliisaidia SUZA kwa miaka kadhaa katika mpango wake wa kuimarisha vyuo vikuu, na walimu walisomeshwa shahada za uzamivu kwa msaada huo. Kazi nzuri. Lakini Agosti 2021 serikali ya Denmark ilitangaza kwamba ingeufunga ubalozi wake Dar es Salaam ifikapo 2024. Baadaye wakabadilisha mawazo, ubalozi ukabaki. Fikiria wewe ndiye mkuu wa chuo, umepanga mambo ya miaka mitano, halafu unasoma habari hiyo asubuhi. Mwaka 2025 Wamarekani nao wakalifunga shirika lao la misaada, USAID, moja kwa moja, na hawa hawakubadilisha mawazo. Mfadhili si mtu mbaya. Ila ana kwao, na kwao kuna uchaguzi.

Hapo ndipo Xiaoguwei iliponivuta nikae kitako. Nilikaa kwenye benchi karibu na mto, wanafunzi wanapita na baiskeli, nikaanza kuhesabu.

Mwaka ule ule wa 1999 ambao Zanzibar ilipitisha sheria ya SUZA, China iliamua kuvifungua vyuo vyake kwa watu wengi. Mwaka 1998 viliingiza wanafunzi wapya kama milioni 1.08, mwaka uliofuata wakaruka karibu milioni 1.6. Mikoa ikashindana kujenga. Hiki kisiwa cha Guangzhou ni mtoto wa mbio hizo. Uzuri wake unaonekana: barabara pana, viwanja, dahalia kwa maelfu, treni ilifika mwisho wa mwaka 2005. Ubaya wake unaonekana pia ukitaka kuuona. Palikuwa na vijiji hapa. Vyengine vilihamishwa vyote ili vyuo vikae, vyengine vimebaki, kama Nanting na Beiting. Leo watu wa vijiji hivyo wanawapikia wanafunzi tambi na kuwapangisha vyumba. Nilipita Nanting nikaona bibi kizee anauza mboga chini ya ukuta wa nyumba ya ukoo, nyuma yake maghorofa ya chuo. Nikakumbuka mambo ya mashamba kwetu, nikapita.

Na deni. Vyuo vya China vilijenga kwa mikopo ya benki, kwa kuamini ada ya wanafunzi wengi italipa. Haikulipa kwa kasi ile. Mwaka 2007 chuo kikuu cha Jilin, kule kaskazini mashariki, na ni kikubwa hasa, kilitoa tangazo kwa watu wake kuwaomba mawazo, kwa sababu kilikuwa na deni la yuan bilioni 3 na riba inakula kila kitu. Hakuwa peke yake. Mwisho serikali ndiyo iliyoingia kuyapunguza madeni ya vyuo, kwa sababu China ina mfuko wa kufanya hivyo. Sisi hatuna mfuko huo. Kwa hiyo mtu akikwambia "tufanye kama Wachina", muulize anakusudia Wachina wa 2004 waliojenga au wa 2007 waliodaiwa.

Lakini kuna jambo moja la Wachina ningependa tulichukue, na halihitaji saruji. Tangu Septemba 2010 wizara yao ya elimu ina kanuni inayovitaka vyuo vikuu kutangaza habari zao hadharani, pamoja na mambo ya fedha. Vyuo vilivyo chini ya wizara, Sun Yat-sen kikiwemo, hutoa kila mwaka bajeti na hesabu zilizofungwa: serikali imetoa kiasi gani, ada imeleta kiasi gani, utafiti na kazi nyengine zimeleta nini, mishahara imekula ngapi. Hesabu za Sun Yat-sen miaka ya karibuni zinapita yuan bilioni 20 kwa mwaka, pesa ambayo sisi hatuifikirii hata ndotoni. Anayetaka anafungua na kusoma. Na hii ni China, nchi ambayo gazeti haligombani na serikali. Wao wanaweza, sisi wenye Baraza, kamati na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu tunashindwa nini kuifanya ripoti ya mwaka ya chuo chetu iwe kitu cha kusomwa na mzazi?

Nakumbuka sekondari ya misheni niliyofundisha miaka mingi, Muislamu peke yangu katika chumba cha walimu, na sikuwahi kujuta. Mkuu wa skuli, padri mmoja mkali, siku ya wazazi kila mwaka alikuwa anasoma hesabu kwa sauti. Ada imeingia kiasi hiki, unga magunia haya, dizeli ya jenereta, bati za bweni, dayosisi imeongeza hiki. Mzazi mmoja aliwahi kusimama akauliza, mbona maharage yamepungua na ada haijapungua? Watu walicheka, lakini padri akajibu swali, tena na stakabadhi mkononi. Mwaka uliofuata alipotaka mchango wa maabara, wazazi walitoa. Waislamu tulitoa vilevile.

Sasa tutazame mipango ya mbele, maana kila hotuba ina mipango. Serikali ya Rais Hussein Mwinyi tangu 2020 imeuweka uchumi wa buluu mbele: bahari, uvuvi, mwani, utalii, bandari. Rais wa Zanzibar ndiye pia Mkuu wa SUZA, kwa hiyo chuo lazima kiufuate wimbo huo, na si kosa. Ila taasisi kongwe ya sayansi za bahari Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1978, ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Teknolojia nayo, mwaka 2023 Wahindi wa IIT Madras wamefungua Bweleo kampasi yao ya mwanzo nje ya India, inafundisha sayansi ya data na akili bandia, na ada iliyotangazwa mwaka ule kwa shahada ya kwanza ilikuwa dola 12,000 kwa mwaka. Mimi nafurahi Wahindi wamekuja. Lakini mtoto wa Makunduchi asiyepata ufadhili hataingia pale. Atakwenda SUZA. Kwa hiyo hata siku Unguja ikiwa na vyuo kumi vya kigeni, SUZA ndiyo itakayobaki na walimu wa skuli zetu, wauguzi wa Mnazi Mmoja, mabwana shamba na wahasibu wa halmashauri. Hicho ndicho chuo cha watu wengi.

Rai yangu, na yangu peke yangu, SUZA isikimbilie kila kitu. Kuna vitu ambavyo hakuna mtu duniani atakavyoweza kuishinda. Kiswahili ni cha kwanza. TAKILUKI ilikuwa inawafundisha wageni Kiswahili kabla SUZA haijazaliwa, na tangu UNESCO mwaka 2021 iitangaze tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, watu wanaotaka kujifunza wameongezeka, wakiwemo watoto wenu hapo Ghuba wanaoelewa "njoo ule" na wasioweza kuandika barua kwa bibi. Mgeni anayekuja kusoma Kiswahili Vuga analipa kwa dola, anakodi nyumba, anakula mjini. Hiyo ni pesa ambayo hakuna ubalozi utakaofungwa ikapotea. Cha pili ni afya, ambako Cuba ilisaidia sana kuanza kuwasomesha madaktari hapo hapo kisiwani badala ya kuwapeleka nje na wengine wasirudi. Cha tatu, ualimu. Huu hauna sifa, hauletwi na wafadhili wa kizungu, na bila huo yote mengine hayana wanafunzi.

Na mafanikio ya mwaka yapimweje? Mahafali ya Tunguu huwa mazuri, majoho, picha, vifijo, na tunaambiwa wahitimu ni wangapi. Haya, hongera. Lakini mimi nikisahihisha ripoti ya chuo ningeweka alama nyekundu pembeni: walioingia nao walikuwa wangapi? Wahadhiri wangapi wana uzamivu, na wangapi kati yao bado wako darasani, hawajachukuliwa na wizara? Wahitimu wa miaka mitatu nyuma wanafanya nini leo? Katika kila shilingi mia, ada ni ngapi, ruzuku ngapi, wafadhili ngapi? Maswali haya hayamtukani mtu.

Nayaleta kwenu kwa sababu nina jambo jengine, zito kidogo. Tunavyosaidia sasa ni kila mtu na mpwa wake. Mpwa akimaliza, msaada umekwisha, chuo hakijapata hata kiti. Wazee wetu walikuwa na njia nyengine. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu, kodi yake inakwenda msikitini, madrasa au kwa mafakiri, miaka mia na zaidi. Al-Qarawiyyin ya Fas ilianzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, kwa mali ya urithi wake, na ikaishi kwa wakfu. Ikiwa familia ishirini za Maskati zikinunua nyumba moja ya kupangisha, kodi yake ikasomesha uzamivu wa mhadhiri mmoja kila miaka minne, huo ni mkono wa nne ambao SUZA haina kwa kiasi cha maana.

Najua jibu lenu, nishalisikia barazani. Ati utoe wakfu kwa taasisi ya serikali? Wako miongoni mwenu ambao wazazi wao waliondoka 1964 na nguo walizovaa, na nyumba zao hadi leo wanaziona kwenye picha za watalii. Kumwambia mtu huyo aweke mali tena kule si jambo dogo, wala mimi sitalifanya dogo. Imani haiji kwa hotuba. Labda itakuja kwa namba: chuo kitoe hesabu zake kila mwaka, kwa Kiswahili, zilizokaguliwa, wakfu ukiwa na fungu lake peke yake lisilochanganywa na mishahara, na wadhamini wawepo wa huko na wa hapo. Bila ya hivyo hata mimi sitoi.

Kampasi ya Nkrumah iko Beit el Ras, pale pale Seyyid Said alipoanza kujenga kasri mwaka 1847. Alifariki baharini mwaka 1856 akitoka Oman, kasri halijakwisha. Mawe yake mengine yalichukuliwa baadaye yakatumika kwenye reli ya Bububu. Leo kwenye uwanja huo wanasomeshwa walimu. Kama kuna mahali pa kuanzia wakfu wa watu wa Oman na Unguja, mimi ningeanza hapo.

Jioni nilirudi Pazhou, mwanangu kapata vigae, kalipa na robo ya kwanza. Nikatuma ile ada ya mpwa wangu kwa simu, na chini yake nikamwandikia yale maswali yangu, nikamwambia akiwa chuoni ajaribu kuyapatia majibu, si ya mtihani. Alijibu kabla sijalala: "Ahsante sana mjomba, Mungu akuzidishie. Lakini hayo ya hesabu, nimuulize nani?"